Semeni na Ile "Ila"

Maneno haya niliyasema Tacoma, jimbo la Washington, Novemba 2025, mbele ya wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaozungumza Kiswahili na familia zao, kuhusu kudai malipo ya magonjwa yanayozaliwa na majeraha ya jeshini. Wengi hawakufika kwa sababu walikuwa zamu siku hiyo, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, pamoja na mizaha. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziruka.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo ndugu zangu?

Mmeitikia vizuri. "Hatujambo!" Ukumbi mzima. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, nimewaona mkiingia. Nimemwona kaka yangu pale akishuka ngazi, kila ngazi anaikanyaga kwa miguu yote miwili kabla ya kwenda nyingine, kama mtoto anayejifunza. Nimemwona mzee wangu wa mstari wa tatu akikaa kwa kushikilia meza. Nimemwona dada mmoja akipita viti vitupu kumi na vitano ili apate kile cha pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Na nyote hamjambo.

Sijambo. Sina jambo. Neno hili tamu limetugharimu pesa, dawa, na usingizi, na ndilo nililokuja kulisema leo.

Kwetu salamu ina mkia. Mnajua. "Habari za asubuhi?" Nzuri. "Za nyumbani?" Nzuri. "Watoto?" Wazima, ila huyu mdogo leo ni siku ya tatu amelazwa. Habari yenyewe iko wapi? Iko kwenye "ila". Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili husikiliza zile "nzuri" zote kwa sikio moja, anangoja "ila". Sasa daktari wa Kimarekani hajui kungoja. Anakuuliza hali, unamwambia uko sawa, anaandika: mgonjwa hana malalamiko. Anageukia kompyuta. "Ila" yako imebaki mdomoni, unarudi nayo nyumbani kwenye gari.

Kuna kichekesho ndani yake. Baadhi yenu Kiswahili ndicho kilichowaingiza jeshini. Mliokuja kwa mpango wa MAVNI mnakumbuka: jeshi la Marekani lilitafuta watu wenye lugha, Kiswahili kikawa kwenye orodha, mpaka mpango ukasimamishwa 2016. Sisi wengine tulipata grinikadi kwa bahati nasibu, tukajiandikisha kwa mlango wa kawaida. Lugha iliyotufungulia lango ndiyo inayotufunga mdomo mbele ya daktari.

Kabla sijaendelea, mimi si wakili, wala si mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, hii tunayoiita VA. Mimi ni muuguzi, na ni mwanajeshi mstaafu aliyekosea kwanza akapatia baadaye. Yule ndugu aliyekaa karibu na birika la chai ndiye aliyeidhinishwa. Msimmalizie chai, ana kazi ndefu.

Nimekuja na viatu.

Naomba vizungushwe, msiogope, nimevifuta. Ni viatu vyangu vya wodini, nimevivaa miezi minane. Tazameni cha kushoto: soli karibu mpya. Sasa tazameni cha kulia. Kisigino kimelika upande wa nje mpaka ndani panaonekana. Ni viatu vilivyonunuliwa siku moja, vikatembea hatua zilezile, kwenye korido ileile. Nani hapa anahitaji eksirei kuelewa viatu hivi?

Mwaka 2011, usiku, mazoezini, niliruka kutoka nyuma ya lori nikiwa na mzigo mgongoni. Mguu wa kushoto ukatua juu ya jiwe. Nikafungwa bandeji, nikapewa vidonge na siku chache za kazi nyepesi. Nilipotoka jeshini 2014, VA ikakikubali kifundo changu kuwa jeraha la utumishi, ikakipa asilimia 10, kile kipimo cha ulemavu wanachokulipia kila mwezi. Nikasema asante, nikarudi shule.

Kifundo hakikupona. Kilizoea tu, na mimi nikakizoea. Ukiwa na mguu mbovu, mwili unafanya hesabu bila kukuuliza: uzito wote peleka kulia. Mwaka wa kwanza hujui. Mwaka wa pili goti la kulia linaanza kulia kama mlango mkavu. Mwaka wa tatu kiuno. Nikaenda nikafungua dai mwaka 2016, nikaandika kwa mkono wangu: niliumia mgongo nikiwa jeshini.

Wakatafuta kwenye faili langu la matibabu ya jeshi. Mgongo haumo. Na kweli haumo! Mgongo wangu haukuuma hata siku moja nikiwa jeshini. Wakanikatalia, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimejieleza visivyo. Nilichotakiwa kusema ni kwamba kifundo mlichokwisha kukikubali ndicho kilichozaa goti, na goti na kifundo kwa pamoja vimezaa kiuno.

Kanuni inayoruhusu hilo ipo. Ni kifungu cha 3.310 cha kanuni za VA, na kina milango miwili. Mlango wa kwanza: ugonjwa mpya umeletwa na jeraha la zamani. Mlango wa pili watu wengi hawaujui: ugonjwa ulikuwepo kivyake, hata kwa sababu isiyohusu jeshi, lakini jeraha la zamani limeuzidisha. Hapo wanatazama hali yako ya awali, wanaitoa, na kukulipa kwa kile kilichoongezeka. Kwa hiyo usijikatie tamaa ukisema "mgongo ulianza kunisumbua tangu nilipokuwa nalima kwetu." Je, unasumbua zaidi sasa kwa sababu ya mguu? Basi una la kuuliza.

Mwaka 2020 nikarudi na ushahidi mpya. Picha za viatu. Barua ya mtaalamu aliyekuwa akininyoosha viungo. Na maelezo ya mume wangu, ambayo yeye hakudhani yana thamani yoyote. Aliandika kwamba mke wangu alikuwa akisonga ugali wa watu sita amesimama, sasa anasonga nusu, anamwachia kijana mwiko, anakwenda kukaa. Basi. Sentensi moja ya jikoni. Fomu ya maelezo ya shahidi inaitwa 21-10210, na shahidi anaweza kuwa mke, mume, mtoto mkubwa, jirani, au mtu mliyelala naye hema moja. Hatakiwi kutaja ugonjwa. Anatakiwa kusema alichokiona.

Wakakubali goti, wakakubali kiuno. Lakini malipo yalianza 2020. Ile miaka minne tangu 2016 imekwenda, kwa sababu nilipokataliwa mara ya kwanza nilinuna, nikaiweka barua kabatini, mwaka ukapita. Tutarudi kwenye habari ya mwaka.

Babu yangu alikuwa Keya. Wazee mnajua Keya. Vijana, ni lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma, akatembea Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua na matope mpaka kwenye mapaja, akarudi Voi na mguu wa kulia usiokunjika vizuri. Ukimpigia salamu: "Babu, mzima?" Anajibu, "Mzima kama chuma, ila huu mguu." Kila siku, maneno yaleyale. Mguu ukamla nyonga, nyonga ikamla mgongo, mwisho alikuwa akitembea ameinama kama anatafuta sindano. Barua hakuandikiwa na mtu, wala yeye hakuandika. Angemwandikia nani? "Ila" yake aliisema nusu karne, na waliomsikia ni sisi wajukuu na mbuzi. Mimi nina mtu wa kumwandikia, nikakaa kimya miaka minne. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko barua ya kukataliwa.

Sasa, jeraha linazaa kwa njia nyingine pia, ambayo hata viatu haviwezi kuionyesha. Dawa.

Nani hapa alikula vitamini M? Mnacheka! Kwa mashemeji ambao hamkuwa jeshini: ni ibuprofeni, vile vidonge vikubwa vya miligramu 800. Umeteguka, vitamini M. Kichwa, vitamini M. Umevunjika moyo, vitamini M na maji mengi. Yuko kaka yetu mmoja, mtu wa Tanga, goti lake lilikubaliwa zamani. Alimeza vidonge hivyo miaka tisa, mara nyingi asubuhi kabla ya kula, kwa sababu zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Kiungulia akakiita gesi. Akanunua dawa ya gesi. Siku moja akatapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa. Nilikuwa nazungumza naye kwa simu usiku huo, nikamwambia kaka, weka simu chini, ita gari la wagonjwa. Vilikuwa vidonda vya tumbo.

Alipopona nikamuuliza: umevidai? Akanishangaa. "Dada, tumbo na jeshi wapi na wapi?" Wapi na wapi! Goti ni la jeshi. Dawa ni ya goti. Tumbo ni la dawa. Mnyororo huo, ukiandikwa na daktari pete kwa pete, VA inautambua. Ni hivyohivyo kwa figo, na hata kwa mtu aliyenenepa kwa sababu jeraha halimruhusu kutembea, kisha unene ukamletea ugonjwa mwingine. Unene peke yake hawaulipii, ila unaweza kusimama katikati kama daraja. Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo, fungua kabati la dawa, toa kila chupa, uliza: hii nilianza kuimeza kwa ajili ya nini, na imenifanya nini?

Na kuna mtoto mwingine wa jeraha, huyu tunamficha chumbani wageni wakija.

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa kwenye mizinga. Masikio yake yanalia, fiii, usiku na mchana. VA wameukubali mlio huo, asilimia 10. Ndilo dai linalokubaliwa kwa watu wengi kuliko yote katika VA, kwa hiyo hapa ndani najua mpo. Sasa sikilizeni mkewe alivyoniambia. Mume wake hawezi kulala bila kelele nyingine ya kuufunika ule mlio, basi feni inawaka mwaka mzima. Mwaka mzima, hata Januari! Mama wa watu analala na blanketi tatu na kofia. Mume akiamka saa nane usiku hawezi kurudi kulala. Asubuhi anawakaripia watoto kwa sababu ya kijiko kilichogonga sahani. Aliacha kwaya. Akaacha kupokea simu za mama yake.

Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu, "Bibi, mimi niko sawa." Nikamwambia, ndugu yangu, nimekaa nikanywa chai na mkeo, ameniambia kuhusu feni. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nachoka."

Ni sonona. Madaktari wanaijua, na wanajua kwamba maumivu yasiyokwisha, na mlio usiokwisha, huileta. Inadaiwa kama tatizo la pili la lile sikio lililokwisha kukubaliwa, na inatibiwa bila wewe kuitwa kichaa na mtu yeyote. Kwetu mwanaume halii, mwanamke anavumilia, na mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo sokoni. Ndiyo maana watu wanabaki na asilimia 10 ya sikio, na nyumba nzima inaungua. Ukiwa hata leo usiku umefika pabaya, usingoje fomu: piga 988, halafu bonyeza 1. Ni kwa ajili yetu, saa zote.

Twende kwa daktari sasa. Jamani, hapa ndipo madai mengi yanapokufa.

VA wanataka vitu vitatu. Jeraha la kwanza liwe limekwisha kukubaliwa, au mnayadai yote mawili pamoja. Ugonjwa wa pili uwe na jina kutoka kwa daktari, au angalau maumivu yenyewe yawe yamekupunguzia uwezo wa kufanya kazi za mwili. Na la tatu, kiungo kati ya viwili hivyo, ile barua ambayo wenyeji wa mambo haya wanaiita neksasi. Watu wana la kwanza, wana la pili, wanadhani la tatu litajionyesha lenyewe. Halijionyeshi.

Kipimo cha barua hiyo ni kipi? Hawadai uhakika. Hawadai hata "nadhani sana". Wanadai daktari aseme kwamba uwezekano wa jambo hili kuletwa na lile haupungui nusu. Nusu kwa nusu! Mizani ikisimama sawasawa, sheria inasema shaka anapewa mwanajeshi. Hebu niambieni, ni mahakama gani nyingine duniani mkitoka sare unashinda wewe?

Lakini daktari akiandika "huenda", umekwisha. Huenda ni neno la watabiri wa mvua. Kaka yetu wa tumbo alikwenda na barua ya kwanza ya mistari miwili: "Namtibu bwana huyu. Vidonda vyake huenda vinatokana na dawa." Daktari mwema kabisa, alitaka kusaidia. Barua ile haikubeba kitu. Ya pili ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema nimesoma faili lake la jeshi na la hospitali. Ya pili ikasema alimeza dawa hii, kiasi hiki, kwa miaka hii, na dawa hii inajulikana kuchubua utando wa tumbo kwa njia hii, na nimetafuta sababu nyingine, yule mdudu wa tumbo nimempima hayupo. Ya tatu ndiyo ikasema uwezekano haupungui nusu. Tofauti ya barua mbili ni neno "kwa sababu". Daktari akikuandikia, soma kabla hujaondoka. Hakuna "kwa sababu"? Mrudishie kwa adabu.

Kama huna daktari wa kukuandikia, usikate tamaa. Ushahidi wako ukionyesha kwamba kiungo kinawezekana, VA wana wajibu wa kukupeleka kwa mpimaji wao. Na ndipo tunaporudi kwenye salamu.

Siku ya upimaji, mpimaji anakufungulia mlango. Anakuuliza, hali yako leo? Sisi wote tumelelewa vizuri. Tunatabasamu, tunasema njema kabisa. Tumevaa vizuri, maana unakwenda ofisini. Tumemeza dawa mbili asubuhi ili tusimwaibishe mtu kwa kuchechemea. Anasema inama, unainama mpaka unapofika, unauma meno kimya, kwa sababu mwanajeshi halii. Anaandika umeinama digrii ngapi. Dakika ishirini, kwaheri. Kule nje kwenye maegesho unashikilia mlango wa gari dakika tano kabla hujaweza kuingia. Nani ameziona hizo dakika tano?

Pale maumivu yanapoanza, sema "hapa". Usivuke hapo kwa ushujaa. Akiuliza kuhusu leo, mwambie kuhusu leo, kisha mwambie na siku mbaya: zinakuja mara ngapi kwa mwezi, zinakaa siku ngapi, siku hizo unashindwa nini. Sema kwa vitu vya nyumbani. Nasimama dakika kumi, kisha nakaa. Ngazi napanda kwa mkono. Viatu nafungiwa na mwanangu. Na msizidishe! Naona wengine wameanza kutabasamu. Anayeingia na fimbo aliyoazima jana, mpimaji anamwona akipita maegesho bila fimbo, na sentensi hiyo moja itaharibu ukweli wake wote. Sema yaliyopo. Yaliyopo yanatosha.

Haraka haraka sasa, maana nanusa pilau.

Tarehe. Hata kama hujakusanya kitu, jaza fomu 21-0966, ya kutangaza nia ya kudai. Ni fomu fupi, au fanya mtandaoni au kwa simu. Ukiisha kuijaza una mwaka mmoja wa kukusanya karatasi, na ukikubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ya nia. Dai lenyewe ni fomu 21-526EZ. Ukikataliwa, usiiweke barua kabatini kama mimi. Tangu 2019 kuna njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu alitazame faili upya bila ushahidi mpya, au kwenda Bodi ya Rufaa. Ukichagua mojawapo ndani ya mwaka, tarehe yako ya mwanzo inabaki hai.

Hesabu. Kuna mtu ana asilimia 50 na asilimia 30, ananiambia dada, nina themanini, wamenipunja. Hapana. Chukua chapati. Wamekata nusu kwa ajili ya la kwanza. Ile asilimia 30 wanakata kwenye nusu iliyobaki, si kwenye chapati nzima. Thelathini ya hamsini ni kumi na tano. Jumla sitini na tano, wanapandisha kufikia 70. Ingekuwa sitini na nne wangeshusha 60. Kwa hiyo kale ka asilimia 10 unakokadharau kanaweza kukuvusha mstari. Kwa viwango vya mwaka 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175 kwa mwezi, na asilimia 100 kwa mtu asiye na wategemezi ilikuwa dola 3,831, bila kodi. Kuanzia asilimia 30 unaongezewa kwa ajili ya mume, mke na watoto.

Na papa. Mnawajua papa? Wanakupigia simu, Kiingereza laini, tutakupandisha mpaka 100. Kaka mmoja alisaini na kampuni moja, akapandishwa kweli, kisha wakamdai mara tano ya nyongeza yake ya mwezi. Alilipa kwa mkopo! Sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza. Mawakili walioidhinishwa wanaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na hao wana mipaka yao. Vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV, American Legion na VFW vinakusaidia bure, hata usipokuwa mwanachama, na kaunti nyingi zina afisa wake.

Sasa nipunguze mwendo kidogo, maana hili ni la mama zangu.

Wengi wetu tunajenga nyumbani. Utakwenda Voi, utakwenda Moshi, utakwenda Bukavu, na malipo yako yatakufuata, hayakatwi kwa sababu umehama Marekani. Matibabu vilevile: uko mpango wa VA wa kulipia matibabu nje ya nchi. Lakini unalipia yale yaliyokubaliwa na yanayoyahusu. Umekwenda Voi na kifundo tu kwenye karatasi? Watakulipia kifundo. Kiuno utakilipia kwa kuuza mbuzi.

Yuko mama mmoja wa jimbo jingine. Marehemu mumewe kisukari chake kilikuwa kimekubaliwa miaka mingi. Figo zikaanza kuchoka. Watu wakamwambia ongeza figo kwenye dai, naye akasema figo ni kazi ya Mungu, nitakwenda nikipata nafuu. Akafariki. Cheti cha kifo kikaandika figo. Kisukari hakikutajwa hata kwa herufi moja.

Mjane wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa uliokubaliwa ana haki ya malipo ya kila mwezi, mwaka 2025 yalikuwa dola 1,653. Lakini yeye sasa ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba figo ni mtoto wa kisukari, na shahidi mkuu yuko kaburini. Alinionyesha daftari. Daftari la shule, la mistari, mume alikuwa akiandika sukari yake kila asubuhi, na pembeni, mwaka wa mwisho, kwa penseli: miguu imevimba. Miguu imevimba. Miguu imevimba. Mtu aliyewaambia wote "sijambo" alikuwa akimwambia daftari. Daktari aliyaona yale, akaandika barua yake yenye "kwa sababu", afisa wa kaunti akapeleka dai kabla mwaka haujaisha tangu msiba, na mama akalipwa kuanzia mwezi aliofariki mumewe. Alibahatika, daftari lilikuwa bado halijatupwa.

Kina mama, mwulizeni mumeo leo usiku daftari lake liko wapi. Kina baba, na ninyi muulizeni, maana hapa wanajeshi si wanaume tu. Mimi mnaniona.

Nimemaliza. Viatu vyangu vimefika wapi? Aha, asante kaka.

Yule ndugu pale ana fomu za nia, ana kalamu, na ana saa mbili. Foleni ianzie ukutani, chakula kitawangoja. Mzee wangu wa mstari wa tatu, wewe ndiye wa kwanza, mshikeni mkono mzee. Atakuuliza hali, baba. Usimwambie hujambo.